Kivuli na Jua: Khabari ya Tiba ya Wachina

Hapana nyumba katika pwani yetu isiyoijua homa ya kitapo. Mtu huanza kuhisi baridi ilhali jua la saa saba ni kali. Hufunikwa shuka, kisha blanketi, kisha blanketi la pili, na meno yake bado yagongana. Baada ya saa moja au mbili baridi ile huondoka, mwili ukawa moto hata anayemgusa hushtuka, na mgonjwa huomba maji na kuzitupa zile shuka alizoziomba mwenyewe. Kisha jasho humtoka, hulala, na asubuhi huenda akaamka akasema kuwa amepona. Kesho kutwa yake baridi hurudi.

Sisi leo tunaijua sababu yake, kwani tumekwisha ambiwa khabari ya mbu na vimelea vinavyoingia katika damu. Lakini nakuomba, ndugu msomaji, uiweke kando elimu hiyo kwa muda, ujaalie kuwa wewe ni tabibu wa miaka elfu mbili iliyopita. Huna darubini wala maabara. Una macho yako na vidole vyako na akili aliyokupa Mwenyezi Mungu. Umeuona mwili mmoja, katika mchana mmoja, umekuwa baridi kama maji ya mtungi kisha ukawa moto kama jiko. Baridi ile ilitoka wapi, nayo ilikwenda wapi?

Matabibu wa China waliliuliza suala hili hili. Jawabu waliyoitoa imejengwa juu ya maneno mawili ambayo siku hizi yametapakaa ulimwenguni, yakachorwa katika fulana na mabango ya maduka, na wengi wanaoyataja hawayajui maana yake: yin na yang.

Asili ya maneno haya ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Yin ni ubavu wa kilima ulio kivulini, na yang ni ubavu wa kilima hicho hicho unaopigwa na jua. Basi angalia vizuri: kilima ni kimoja. Asubuhi ubavu wa mashariki ndio wenye jua na wa magharibi una kivuli, na jioni mambo hugeuka. Hapana jiwe katika kilima kile unaloweza kuliokota ukasema, hili ni yin daima. Kila kitu huitwa yin au yang kwa kulinganishwa na kingine. Tumbo ni yin likilinganishwa na mgongo, kwa kuwa mtu anayeinama shambani mgongo wake ndio unaolikabili jua; ndani ni yin na nje ni yang; usiku ni yin na mchana ni yang; maji na moto, utulivu na harakati, vivyo hivyo.

Wengi hukosea hapa. Husikia kuwa yin ni jike na yang ni dume, au kuwa moja ni shari na nyengine ni kheri, wakadhani Wachina ni kama Majusi wa Uajemi wa zamani waliosema kuwa ulimwengu una nguvu ya nuru na nguvu ya giza zinazopigana mpaka moja imshinde mwenziwe. Sivyo. Kwa Wachina, yang ikimalizika kabisa mtu amekufa, na yin ikimalizika kabisa mtu amekufa. Wala hazibadiliki kwa ghafula. Saa sita ya mchana jua liko juu kabisa, na hapo hapo ndipo linapoanza kuinama. Sisi watu wa bahari haitupi taabu kulifahamu jambo hili. Kaskazi hauondoki kwa siku moja kuupisha kusi. Hupungua, zikaja siku za matlai, bahari ikawa haina bwana, kisha kusi ukaanza kwa kuvutavuta. Mchina angesema kuwa kusi ulikuwa umekwisha kuzaliwa ndani ya kaskazi kabla ya mabaharia kuuona.

Fikra hii ilipangwa na wanafalsafa wa China kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na anayetajwa sana ni Zou Yan wa karne ya tatu kabla ya kuzaliwa kwake. Pamoja nayo ilikwenda hisabu ya mambo matano, nayo ni mti, moto, udongo, madini na maji, ambayo moja huzaa jengine na moja hulitiisha jengine. Sitaingia katika hisabu hiyo, kwani ni ndefu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyowapeleka mbali na mgonjwa.

Tiba ilipoyapokea maneno haya mawili twaweza kuona kwa macho. Kati ya mwaka 1972 na 1974 yalifukuliwa makaburi ya kale katika mji wa Changsha, mahali panapoitwa Mawangdui. Kaburi moja, lililofungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, lilikuwa na vitabu vya tiba vilivyoandikwa juu ya hariri. Humo imetajwa mishipa kumi na mmoja ya mwilini ambayo ndani yake hutembea ile wanayoiita qi, yaani pumzi au nguvu ya uhai, na mishipa hiyo imegawanywa ya yin na ya yang. Dawa yake ni kuuchoma mwili kwa moto wa majani, sindano hazijatajwa. Kitabu kilichokuja kuwa mama wa tiba yao chaitwa Huangdi Neijing, maana yake Kitabu cha Ndani cha Mfalme wa Manjano. Wachina walikinasibisha na mfalme wa hadithi za kale, lakini wataalamu wamethibitisha kuwa kilikusanywa na mikono mingi, sehemu kubwa yake katika karne ya pili na ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kina mafungu mawili, na kila fungu lina milango 81. Mtindo wake ni ule tuliouzoea sisi katika vyuo vyetu, suala na jawabu: mfalme anauliza, na tabibu wake Qi Bo anajibu. Humo mishipa imekuwa kumi na miwili, na sindano zimeshika nafasi yake.

Viungo vya ndani vikagawanywa pia. Ini, moyo, wengu, mapafu na figo ni vya yin, kwa kuwa huhifadhi. Nyongo, tumbo la chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana na kibofu ni vya yang, kwa kuwa hupokea na kutoa. Na wakaongeza cha sita ambacho tabibu wa leo akipasua mwili hakioni. Maradhi yakawa ni kuzidi au kupungua kwa upande mmoja. Aliyezidiwa na joto apewe dawa ya baridi, na aliyepungukiwa na joto ajazwe joto. Tabibu hushika mkono wa mgonjwa akayasikiliza mapigo ya mshipa mahali patatu, hutazama ulimi, huuliza khabari ya usingizi, kiu na choo, kisha huamua.

Hapa msomaji atasema: haya mbona nayajua? Kweli. Bibi zetu, wasiosoma neno moja la Kichina, walijua kuwa tangawizi na pilipili manga ni za moto, na kuwa tango na maji ya dafu ni ya baridi, na kuwa mzazi asipewe vya baridi katika siku zake arubaini. Lakini elimu hiyo ya bibi zetu ina nasaba nyengine. Imetoka kwa Wayunani, Bukrati na Jalinus, ikapita kwa Ibn Sina katika Qanun yake, ikafika kwetu kwa Waarabu na Wahindi. Hao waliihisabu mizaji kwa mambo manne, joto na baridi, ukavu na rutuba, na wakauona mwili kuwa ni vyombo vyenye maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mchina hakuanza na maji yaliyomo bali alianza na mwendo. Hakuuliza, katika mwili huyu kimezidi nini? Aliuliza, kinachotakiwa kupanda kimepanda, na kinachotakiwa kushuka kimeshuka? Mito miwili yafanana rangi, na chemchemi zake ziko mbali.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu wa kitapo. Katika fungu la kwanza la kitabu kile, mlango wa 35 wote ni wa homa za vipindi. Mfalme anauliza kwa nini maradhi haya huja kwa saa yake, na kwa nini hutangulia baridi kisha joto. Tabibu anajibu kuwa yang imeingia ndani ikajiunga na yin. Basi nje hapana wa kulinda, ngozi imeachwa tupu, na ndiyo sababu ya kutetemeka. Yin ikisha kujaa mpaka mwisho wake hutoka nje kwa yang, na sasa nje kumejaa na ndani kumekauka, ndipo mtu huungua na kutaka maji. Mfalme hakukinai. Auliza kwa nini wengine homa huwajia kila siku na wengine huwapumzisha siku kati. Tabibu asema kuwa kile kiovu kilichoingia kwa upepo kikikaa karibu na ngozi hutoka kila siku, na kikizama ndani hutoka kwa kuchelewa. Kisha akaonya kuwa mgonjwa asichomwe sindano wakati homa imepamba moto. Atangojewa, na dawa itangulie kabla ya kipindi kuanza.

Nimekitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake unaiona nguvu ya elimu hii na udhaifu wake, vyote pamoja. Jicho lao lilikuwa kali. Waliyaona mambo matatu kwa utaratibu wake, baridi, joto na jasho. Wakazitenga homa za kila siku na homa za siku kwa siku, miaka elfu mbili kabla daktari Mfaransa Laveran hajaviona vimelea katika damu huko Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross hajavikuta katika mbu huko India mwaka 1897. Lakini maelezo yao yalikuwa ni kiasi cha akili kilichojengwa juu ya mfano wa kilima. Mfano ni mzuri, na uzuri wake ndio uliowatuliza. Mtu akisha pata jawabu inayompendeza huacha kutafuta.

Usidhani kuwa ilikuwa ni mchezo wa maneno. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu, ameandika katika utangulizi wa kitabu chake kuwa ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kuwa katika muda usiotimia miaka kumi thuluthi mbili yao walikufa, na saba katika kila kumi ya waliokufa waliuawa na homa. Huzuni hiyo ndiyo iliyomkalisha kuandika. Akayagawanya maradhi ya homa kwa daraja sita, tatu za yang na tatu za yin, kufuata yanavyoanza nje na kuingia ndani, na kila daraja akaipa dalili zake na dawa zake. Wachina, na Wajapani baada yao, wanazitumia dawa zake mpaka leo.

Tena palikuwa na ikhtilafu, na ikhtilafu zao zanipendeza, kwani zafanana na za mafakihi. Zhu Zhenheng, aliyefariki mwaka 1358, alisema kuwa katika mwanadamu yang daima imezidi na yin daima imepungua, kwa kuwa tamaa ya chakula na matamanio ya mwili huwasha moto usiozimika. Basi akawaonya watu juu ya tumbo na juu ya tamaa kabla ya kuwapa dawa, na dawa alizozipenda ni za kutuliza na kurutubisha. Baada ya miaka mia mbili na zaidi akaja Zhang Jiebin, aliyefariki mwaka 1640, akasema kinyume chake: uhai wote ni joto, jua ni moja tu mbinguni, na matabibu wa zama zake wanawaua watu kwa dawa za baridi kwa kumfuata Zhu bila ya kufikiri. Akarejesha dawa za moto. Watu wawili, vitabu ni vile vile, maneno ni yale yale mawili, na fatwa ni mbili zinazopingana! Kipimo kinachoweza kutoa hukumu mbili namna hii chahitaji shahidi mwengine, na shahidi huyo ni mgonjwa mwenyewe: amepona au hakupona, na wangapi katika mia.

Je, Waislamu waliifahamu tiba hii? Waliifahamu, na mapema. Katika khutuba zetu husemwa sana ile kauli ya kuitafuta elimu hata ikiwa China. Wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, na Ibn al-Jawzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa, kwa hivyo si vyema kuinasibisha na Mtume (S.A.W.) kwa yakini. Lakini kuwa Waislamu walifika China na Wachina wakafika kwao, hilo halihitaji hadithi. Ibn al-Nadim, katika Fihrist aliyoiandika karne ya nne ya Hijria, amepokea kutoka kwa tabibu mkubwa al-Razi, aliyefariki mwaka 313 wa Hijria (925), kuwa alimjia mtu kutoka China akakaa naye karibu mwaka mzima. Kwa miezi mitano alijifunza Kiarabu, kusema na kuandika. Alipotaka kurejea kwao aliomba asomewe vitabu kumi na sita vya Jalinus, na yeye akaviandika kwa khati ya haraka ya Wachina, upesi kuliko msomaji alivyosoma. Jina lake halikuhifadhiwa, jambo la kusikitisha.

Upande wa pili uko Rashid al-Din wa Tabriz, tabibu na waziri aliyesilimu kutoka Uyahudi, aliyeuawa kwa dhulma mwaka 718 wa Hijria (1318). Yeye aliamrisha vitabu vya tiba ya China vifasiriwe kwa Kifarsi, kikiwamo cha elimu ya mapigo ya mshipa. Nakala ya mwaka 713 wa Hijria imebaki Istanbul, na ndani yake mna michoro ya viungo vya mwili kwa namna ya Wachina. Na China kwenyewe, katika zama za Wamongolia, palifunguliwa ofisi za dawa za Waislamu, na kikaandikwa kwa Kichina kitabu kikubwa cha dawa zao, Huihui Yaofang, chenye juzuu 36. Zimebaki nne tu. Humo majina ya dawa yameandikwa kwa herufi za Kiarabu pembeni mwa Kichina, na Jalinus ametajwa kwa jina lake.

Dawa zenyewe zilisafiri kuliko vitabu. Ubani na manemane, vinavyotoka nchi ya Wasomali na Hadhramaut, viliingia katika mizani ya Wachina, vikahisabiwa kuwa dawa za kuitembeza damu iliyosimama na kuondoa maumivu. Na jina la manemane kwao, moyao, mwanzo wake ni lile murr la Kiarabu. Ambari waliiita mate ya joka yenye harufu nzuri, na mwandishi Zhao Rugua aliitaja mwaka 1225 miongoni mwa bidhaa za nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Jahazi iliyofukuliwa katika matope ya Quanzhou mwaka 1974, iliyozama karne ya 13, ilikuwa bado imebeba ubani na ambari. Karne ya 15 zilikuja merikebu za Zheng He, naye alikuwa mtoto wa Kiislamu wa Yunnan, mpaka Malindi, na ndani yake mlikuwa na matabibu.

Nimeulizwa mara nyingi kama mambo haya ya yin na yang si ushirikina. Suala hili limekwisha jibiwa na waliokuwa na haki zaidi ya kulijibu, nao ni wanavyuoni Waislamu wa China. Wang Daiyu, ambaye wazee wake walikuwa wanajimu waliotoka Arabuni, aliandika kwa Kichina mwaka 1642, na Liu Zhi wa Nanjing akamfuata mwaka 1704. Hawakuyakimbia maneno haya. Walisema kuwa yin na yang ni viumbe, ni nyendo katika vilivyoumbwa, na juu yake yuko Mmoja wa Haki ambaye hana wa pili. Anayezifanya nyendo hizi kuwa ndio mwanzo wa kila kitu amesimama mlangoni akadhani amefika ndani. Jawabu hiyo yanitosha. Mwenye kusema dawa hii ni ya baridi hakukufuru, kama asivyokufuru anayesema tango ni la baridi. Anayepiga ramli kwa yin na yang ili ajue siku ya kuoa, huyo ana khabari nyengine.

Mimi khofu yangu haikuwa katika neno, ilikuwa katika dawa. Dawa ya zebaki na madini yake mekundu ilisifiwa na Wachina kuwa hurefusha umri, na wafalme kadhaa wa ukoo wa Tang walikufa kwa kuinywa, kama Wuzong mwaka 846. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake zaidi ya mia waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mmea wa Kichina wenye sumu mahali pa mwengine. Na sisi Afrika ya Mashariki tumelipa kwa mali yetu. Wengi hapa hudhani kuwa pembe ya kifaru hutafutwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Katika vitabu vyao ni dawa ya baridi, ya kuzima joto la homa kali. Kwa hukumu hiyo ya "baridi", pamoja na majambia ya Yemen yaliyotaka mipini, vifaru wa Kenya waliokuwa wakikadiriwa 20,000 mwaka 1970 hawakufika 400 ilipokwisha miaka ya 1980. China iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993.

Lakini insafu yataka tuseme na upande wa pili, nao ni mkubwa.

Katika karne ya nne alikuwako tabibu aitwaye Ge Hong, naye alikuwa miongoni mwa hao hao waliotafuta dawa ya kurefusha umri. Aliandika kitabu kidogo cha dawa za dharura, cha kuwekwa katika mkono mpana wa nguo, kama sisi tunavyotia daftari katika mfuko wa kanzu. Alikiandika kwa ajili ya maskini wasio na tabibu. Katika dawa za homa ya vipindi ametaja jani liitwalo qinghao, la jamii ya mmea ambao Waarabu huuita shihi: lichukuliwe konzi moja, lirowekwe katika maji, likamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Basi. Hakusema lipikwe.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wengi, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Serikali ya China ikaanzisha kazi ya siri iliyoitwa 523, kwa tarehe yake, 23 Mei. Bibi Tu Youyou, aliyezaliwa mwaka 1930, akapewa jukumu la kuvipekua vitabu vya zamani. Alikusanya dawa zaidi ya 2,000, na yeye na wenzake wakajaribu mamia. Qinghao ilionyesha dalili njema, kisha ikashindwa. Ndipo aliporejea kwa Ge Hong, akalisoma lile neno la kuroweka na kukamua, akaingiwa na fikra kuwa moto wa kupikia ndio unaoiua dawa. Akaitoa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mnamo Oktoba 1971 dawa ilivimaliza vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 aliinywa yeye mwenyewe na wenzake wawili kwanza, ndipo wakapewa wagonjwa 21. Dawa hiyo ndiyo artemisinini, na mwaka 2015 Bibi Tu alipewa tunzo ya Nobeli.

Tazama basi nini kilichosaidia. Hisabu ya mambo matano haikusaidia, wala hoja za Zhu na Zhang juu ya yang. Kilichosaidia ni mtu aliyeandika kwa uaminifu alichokiona kinafaa, na namna ya kukitengeneza, na mtu mwengine baada ya miaka 1,600 aliyekisoma kwa uaminifu huo huo kisha akakipima. Vitabu vya Wachina vina waandishi wengi wa namna hii. Li Shizhen, aliyefariki mwaka 1593, alizisajili dawa 1,892 kwa kazi ya miaka 27, na kila ilipobidi aliwakosoa waliomtangulia. Yin na yang zilikuwa ni rafu walizozipangia dawa hizo zote. Rafu huweza kuwa imepinda, na kilicho juu yake kikawa ni dhahabu.

Hata sindano zao leo zimewekwa katika mizani. Madaktari wa China walifika Unguja tangu mwaka 1964, na baadhi ya wagonjwa wetu wamepata kuchomwa sindano hizo kwa maumivu ya mgongo na magoti. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nyingi yameonyesha kuwa maumivu hupungua, lakini pia kuwa sindano zilizochomwa mahali pasipokuwa na mshipa wowote katika vitabu vyao hupunguza karibu sawa na hizo. Mwenye mgongo uliopoa hatajali. Mwanachuoni hana budi ajali.

Ama dawa ya qinghao, imekwisha kuingia nyumbani mwako. Zanzibar ilibadili dawa ya malaria mwaka 2003, na Tanzania bara na Kenya mwaka 2006, na ile dawa mseto ya vidonge vya manjano mnayopewa hospitali nusu yake ni mtoto wa jani la Ge Hong. Ilichanganywa na dawa ya pili kwa kuwa artemisinini huua upesi na hutoka mwilini upesi, ikaacha vimelea vichache nyuma. Vimelea vilivyoanza kuizoea vilionekana kwanza magharibi mwa Kambodia, na katika miaka ya karibuni vimeonekana Rwanda na Uganda. Siku ya pili mgonjwa huhisi nafuu, kitapo kimekwenda, na mama mwenye watoto wengi huona bora vidonge vilivyosalia avihifadhi kwa mwengine atakayeugua. Asivihifadhi. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, na vidonge vimezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani bila ya mafuta ile nusu ya pili ya dawa haiingii mwilini vya kutosha.